Mchanga wa kutandika pevingi: tripu mbili au tatu?

SWALI: Habari za kazi. Najenga Ihumwa, Dodoma, na nataka kutandika pevingi uani. Mbele ya nyumba ni mita 12 kwa 6, na ubavuni kuna njia ya gari ya mita 10 kwa 3. Fundi anataka mchanga wa sentimita 5 chini ya tofali. Dereva wa lori anasema tripu mbili zinatosha, fundi anasema tatu. Bodi la lori nimelipima kwa ndani: urefu mita 3, upana 1.8, kimo 0.6. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, umefanya la maana kulipima bodi, tena kwa ndani. Tripu haina ukubwa maalumu; kila lori lina yake. Hili linabeba 3 × 1.8 × 0.6, yaani mita za ujazo 3.24, likijazwa hadi ukingoni na kusawazishwa.

Uwanja wenye kona ugawe vipande vya mstatili, kisha ujumlishe: 72 na 30 ni mita za mraba 102. Unene ugeuze kuwa mita kabla ya kuzidisha. Sentimita 5 ni 0.05, na ukiandika 0.5 utaagiza mchanga mara kumi. Kwa hiyo 102 × 0.05 = mita za ujazo 5.1.

Huo ni mchanga uliokwisha kushindiliwa. Unaoshushwa getini bado umelegea, na ukiwa na unyevu kidogo huwa umevimba, kwa sababu maji yanayozizunguka chembe huzitenganisha. Mchanga mkavu kabisa hauvimbi, wala uliolowa chepechepe. Ukitaka kujua wako umevimba kiasi gani, jaza ndoo, upime kina chake, mimina maji hadi yaufunike, koroga, uache utulie. Ukishuka kutoka sentimita 30 hadi 25, ulikuwa umevimba kwa asilimia 20. Kwa makadirio ya kawaida mimi huongeza robo nzima: 5.1 × 1.25 ni karibu 6.4. Tripu zako mbili ni 6.48. Dereva yuko sawa, ila chupuchupu.

Mbona basi fundi anasema tatu? Nadhani ameiangalia ardhi yenyewe. Hesabu yote hapo juu inachukulia kwamba chini pamenyooka, na viwanja vingi havijanyooka. Kwako kila sentimita moja ya unene ni mita za ujazo 1.02 kabla ya nyongeza, karibu theluthi ya lori. Wastani ukiwa sentimita 7 badala ya 5, unahitaji 8.9, na hapo tripu tatu ni lazima. Watu hubishana kuhusu urefu na upana, kumbe fedha inapotea kwenye unene.

Kwa hiyo vuta uzi kwenye usawa ambao uso wa tofali utafikia, ukiuinamisha kutoka kwenye nyumba sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita ili maji yaondoke. Pima kutoka uzi hadi ardhini kila baada ya mita 2, toa unene wa tofali, kisha tafuta wastani. Ni kazi ya nusu saa kwa futi kamba.

Ukikuta mashimo, naomba sana usiyajaze kwa mchanga. Weka moramu, mwagia maji kidogo, shindilia vizuri, ndipo utandaze mchanga wako wa sentimita 5 juu yake. Mchanga mnene chini ya matairi hutitia, na mvua za Dodoma, zinazokuja kwa nguvu kati ya Desemba na Aprili, huuhamisha pembeni. Hapo tofali zitaanza kubonyea kwenye njia ya gari. Moramu nayo ina gharama yake, lakini ukishaiweka, tripu mbili za mchanga zitakutosha.

Muuzaji akikupa bei kwa tani, mchanga mkavu uliolegea una takribani tani 1.6 kwa mita ya ujazo, hivyo 6.4 ni kama tani 10. Ukilowa unakuwa mzito zaidi, na utalipia maji, kwa hiyo afadhali ununue kwa ujazo. Patana na dereva kwamba kipimo kitachukuliwa nyumbani kwako, kwa sababu mchanga hushuka njiani kwa mtikisiko. Panda juu, sawazisha kwa beleshi, pima kina katika kona zote nne na katikati, ndipo umruhusu amwage.