Krimu ya kopo lisilo na lebo, na unanyonyesha
Dada, hiyo krimu uliyonunua soko la Majengo, kopo halina lebo na uso umeng'aa ndani ya wiki, mi nakushauri iache leoleo maana zinazong'arisha chap hivyo mara nyingi zina zebaki, ile metali yenye sumu, au steroidi, yaani dawa kali za homoni, na zebaki inapenya kwenye ngozi inaenda kuharibu figo, tena mtoto inamfikia kwa maziwa, taulo, hata kukushika uso tu. Nenda hospitali, mwambie dokta ukweli wote, zebaki inapimwa kwenye mkojo. Ukiacha uso unaweza kuchafuka, vumilia. Kopo usilichome!! Lifunge kwenye mfuko upeleke TBS, lile shirika la viwango, hapahapa Dodoma. Na huo wanja wa unga unaompaka mtoto, achana nao, mwingine una madini ya risasi.