Mikono ya mwalimu ndiyo ya kwanza kufundishwa

Karibu muhula mzima nilimfungia zipu ya koti kijana mmoja wa miaka 12 katika darasa langu la wanafunzi wenye ulemavu. Kila siku nilimwambia, "Shika hapa, vuta," huku mikono inayoshika na kuvuta ni yangu. Yeye alisimama wima, kidevu juu, akinisubiri nimalize. Niliamini namfundisha kuvaa, kumbe nilikuwa namzoeza kusubiri.

Nikaanza upya, mara hii kutoka mwisho. Niliiunganisha zipu mwenyewe, nikaipandisha hadi kifuani, nikamwachia sentimita chache za juu. Akavuta, koti likafungika, na aliyelimaliza ni yeye. Alipozoea, nilimwachia kuanzia tumboni, kisha kiunoni. Ukianza na hatua ya kwanza, mtoto huhangaika na lile gumu kisha wewe ndiye unayemaliza. Ukianza na ya mwisho, kila jaribio linaishia kwenye ushindi wake. Nimetumia njia hii kwenye soksi, vifungo, hata kutandika kitanda.

Ila kabla ya kuigawa kazi, ifanye mwenyewe polepole na uandike kila unachofanya. Kunawa mikono nilidhani kuna hatua 4. Niliponawa na kalamu pembeni nilipata 11. Nikagundua kwamba mwanafunzi wangu niliyekuwa namwita mkaidi alikuwa amekwama kwenye hatua ambayo sikuwahi kuihesabu: kukunja mikono ya shati. Ilikuwa ikilowa, naye hakuvumilia kabisa kitambaa chenye maji kumgusa ngozi. Tulipomfundisha kukunja, ugomvi wa kwenye bomba uliisha wiki hiyohiyo. Bado naona uchungu nikikumbuka nilivyomgombeza.

Kupunguza msaada wa mdomo ni kugumu zaidi kuliko kupunguza wa mikono. Mkono unaweza kuuhamisha kutoka kiganja cha mtoto hadi kwenye kiwiko, kisha begani, kisha ukauondoa. Sauti haihami hivyo. Mtoto anayeambiwa "sasa sabuni, sasa sugua" kila siku huishia kushindwa kunawa usipokuwepo. Siku hizi nabandika picha za hatua juu ya sinki, nami nakaa kimya. Nikitoa agizo, nahesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kufanya chochote. Baadhi ya wanafunzi wetu wanahitaji muda huo kulipokea neno na kulipeleka mikononi. Ukilirudia katikati, unawarudisha mwanzo. Mkubaliane na mwalimu msaidizi pia, maana wewe ukinyamaza naye akisema, hakuna kilichopungua.

Cha kufundisha nakichagua kwa swali moja: mtoto asipojua kufanya jambo hili, je, kuna mtu atalazimika kumfanyia? Kupanga vishanga kwa rangi, hapana. Kujisafisha chooni, ndiyo, tena maisha yake yote. Mwaka 1976 Lou Brown, profesa wa elimu maalumu, na wenzake nchini Marekani waliandika kwamba mafunzo ya wanafunzi wenye ulemavu mkubwa yapimwe kwa yale watakayohitaji kuyafanya wakiwa watu wazima. Mimi huwauliza wazazi ni jambo gani linalowachosha zaidi asubuhi, nasi tunalichagua hilo moja. Siwaombi walifundishe asubuhi yenyewe, wakati kila mtu anakimbizana na saa. Walifanye jioni, au siku isiyo na haraka.

Na lifundishwe mahali pake, kwa wakati wake. Mikono inaoshwa kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, si kwa sababu ratiba imesema saa nne. Hesabu ya pesa ifanywe kwa sarafu halisi, maana ile ya karatasi haina uzito wala sauti kama ile ya kweli. Nilikuwa na binti aliyenawa vizuri kabisa darasani, halafu mama yake akaniambia nyumbani hanawi. Bomba letu lilikuwa la kusukuma, la kwao la kuzungusha. Tangu hapo simhesabii mtoto kwamba ameweza mpaka nimwone akifanya penginepo, akiwa na mtu mwingine.

Kuna jambo nataka ulichukulie kwa uzito kuliko mengine yote. Watoto wetu wengi huvuliwa nguo na kuoshwa na watu wazima mbalimbali, na kila mara hufundishwa kutii. Mtoto wa namna hiyo atajuaje kumkatalia mtu mwenye nia mbaya? Piga hodi kwenye mlango wa choo hata kama yeye hasemi. Mwambie kabla hujamgusa. Wanaomsaidia wawe wachache, anaowajua. Mpe njia ya kusema "hapana" na "nisaidie", kwa neno, kwa ishara au kwa kadi, na akisema hapana, mara nyingi iwezekanavyo iheshimu ili aone ina nguvu. Wasichana waanze kuzoea kuvaa na kubadilisha pedi kabla hedhi ya kwanza haijaja. Damu ikishaanza kuwatisha, umechelewa.

Kuhusu kumbukumbu, kadi moja yatosha: kwa kila hatua, amefanya mwenyewe, kwa kuonyeshwa, au kwa kushikwa mkono. Wiki 2 zikipita hatua ileile haijasogea, igawe tena.

Wapo ambao hawatafanya hatua zote, na kazi bado ni yao. Mwanafunzi wangu mwenye mtindio wa ubongo hawezi kushika nguo. Namwinulia mashati mawili, naye analitazama analolitaka, halafu tunamvalisha hilo. Inachukua dakika zaidi. Nazitoa.

Yule kijana wa koti alihitaji muhula mwingine kufika chini kabisa ya zipu. Tulimfungia pete ya funguo kwenye kishikio ili vidole vyake vipate pa kushika. Pini ya chini bado humkataa siku nyingine. Hapo hunyoosha kadi yake ya "nisaidie", nami namwingizia pini, kisha narudisha mikono yangu mgongoni.