Bakteria hawafanyi kazi ya nailoni, usifunue miche ya chupa!

Usifunue! Mengine baadaye. Umeandika kwamba miche yako 300 ya migomba, ile ya kuoteshwa ndani ya chupa, inatoka maabara wiki ijayo, dawa yenye bakteria hai wa kusaidia mizizi umeshanunua, na kwa kuwa aliyekuuzia kasema "bakteria wataikomaza wenyewe", yaani wataizoesha hewa ya nje, huoni haja ya kihema cha nailoni. Yakhe, maneno hayo hayo niliuziwa mie hapa Wete, Pemba, kwa laki tano.

Nilichukua miche 200 ingali kwenye chupa, maana ya chupa ni rahisi kuliko iliyokwisha kukomazwa. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma. Nikaosha jeli mizizini vizuri (ile jeli ina sukari, ukiiacha ukungu unafanya karamu, na ndiyo, inatokana na mwani, lakini si huu wa kina mama wa Paje, usije ukachemsha bure). Nikachovya mizizi kwenye maji ya bakteria nusu saa, nikapanda kwenye vifuko, nikapanga chini ya mwembe. Kivuli kipo, bakteria wapo, nini tena?

Saa tatu asubuhi imesimama kama askari wa gwaride. Narudi baada ya Adhuhuri, majani yamelala juu ya vifuko kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Nikamwagilia. Udongo chapachapa, majani hayainuki. Nikamwagilia tena. Jioni mke wangu akapita, akatazama, akauliza, "Hii umeipanda au umeianika?"

Ikapona 37. Ukipiga hesabu, kila mgomba ulinigharimu zaidi ya shilingi 13,500. Kwa bei hiyo nilistahili kuilaza chumbani kwangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mche wa chupa umelelewa kwenye hewa yenye unyevu karibu asilimia 100, tena unalishwa sukari. Jani lake halina nta ya kutosha, na vile vitundu vyake vya kupumulia havijajua kufunga. Ukiutoa tu, jani linamwaga maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta, na mizizi yenyewe imeteleza kama tambi, haina vinyweleo. Bakteria wanakaa mizizini. Wangu walikuwa Bacillus subtilis, na wanasaidia, sibishi: wanaunyima ukungu nafasi. Wale wa Azospirillum wanatoa homoni inayoamsha mizizi. Lakini hiyo ni kazi ya siku kadhaa na wiki. Jani linakauka kwa saa mbili. Atamwahi nani?

Nikampigia yule kijana wa dawa. "Ongeza dozi, mzee." Ongeza dozi! Maiti anapewa kijiko cha pili? Nilipokuja juu akauliza nilitumia maji gani. Ya bomba. "Ahaa, klorini imewaua." Sawa, klorini inaua bakteria kweli, lakini siku anahesabu noti zangu hilo bomba hakuliona?

Mara ya pili nilinunua miche 60 tu, kwa woga. Fito, nailoni nyeupe, makuti juu ili jua lisiipike miche humo ndani. Wiki ya kwanza nimefunga kabisa, nanyunyiza asubuhi na jioni mpaka nailoni inatoka jasho. Wiki ya pili nainua pembe moja, jioni tu, upepo ukishatulia. Ya tatu nainua asubuhi na jioni, mchana nafunga. Ya nne nikaivua, makuti nikayaacha. Bakteria wale wale, ila sasa kwa maji ya kisima. Ikafa minne, na miwili katika hiyo aliua kuku.

Kwa hiyo nailoni kwanza, bakteria ndani ya nailoni. Anayekwambia moja linatosha badala ya jingine, mwambie akakomaze yeye kwake, kiangazi hiki hiki, halafu alete picha.

Dozi fuata karatasi ya chupa ya dawa. Dawa ya ukungu yenye shaba usichanganye na bakteria, inaweza kuwaua. Uliuliza na jambo jingine kuhusu samadi, sijui nafasi ya mashimo, nimeshasahau, hasira hizi. Hiyo miche inafika Jumatatu au Jumanne? Na fito umeshakata?