Hilux LN106 na mkono kwenye POP (plasta ya hospitali): kazi zipi ufanye sasa, zipi zisubiri

Mkuu, pole sana kwa ajali. Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu ana Hilux LN106 ya 1994, dizeli 3L, gia za mkono. Alikuwa anafungua bolti ya puli ya krenki, ikaachia ghafla, mkono wa kushoto ukagonga chasisi na kifundo kikavunjika. Yuko kwenye POP, ameambiwa wiki 6. Gari lina mambo manne: asubuhi linasumbua kuwaka, pedeli ya breki laini, tairi la nyuma kulia lina mafuta yanayovuja kwa ndani ya rimu, na hajui mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Anauliza aendelee kwa mkono mmoja au amwachie fundi yote.

Usimwachie yote. Ila usichague kazi kwa kuangalia uzito wake. Wengi husema "hii ni nyepesi, nitaiweza," halafu nati ndogo iliyoganda inaachia, mwili unayumba, na mkono mgonjwa unakimbilia kushika kabla hujafikiri. Mfupa unaounga unaumizwa na mshtuko wa ghafla. Kwa hiyo kabla ya kila kazi jiulize: kuna kitu hapa kinachoweza kuachia, kuruka au kuporomoka? Kama kipo, mpe mwenye mikono miwili na wewe usimamie.

Kuhusu POP yenyewe. Vidole vikivimba, vikafa ganzi, vikabadilika rangi, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kliniki. Vua pete mapema. Ikibana kwenye kidole kilichovimba ni shida, na karibu na betri pete ni njia ya shoti. Usiingize bisibisi wala waya kujikuna ndani ya plasta. Dawa za maumivu zinazoleta usingizi zikiwa mwilini, kaa mbali na gari. Na kitambaa cha kutundikia mkono shingoni kisikaribie injini inayounguruma: feni ya 3L inazungushwa na injini yenyewe, haina huruma na kitambaa. Kuendesha pia acha kwanza, maana mkono huo wa kushoto ndio wa gia.

Sasa kuwaka asubuhi. Hii ni kazi yako kabisa, unafanya umesimama, injini imezimwa.

Anza na betri ikiwa imelala usiku mzima: volti 12.6 imejaa, 12.4 imeanza kushuka, chini ya 12.2 ichajiwe kwanza ndipo ulaumu kitu kingine. Likiwaka, mtu mwingine apime chaji kwenye betri: kati ya 13.8 na 14.4.

Kisha, kabla ya kupiga stata, nenda kwenye filta ya dizeli ukabonyeze pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu. Halafu washa kama kawaida, ukisubiri taa ya hita kwenye dashibodi izime. Likiwaka mara moja wakati jana lilisumbua, dizeli inarudi tanki usiku kwa sababu hewa inaingia mahali. Kagua mipira ya dizeli, hasa kwenye vibano, na vipira vidogo vya marejesho (vya kurudisha dizeli iliyozidi) kwenye nozeli, yaani vinavyonyunyiza dizeli ndani ya injini. Kwa umri wa gari hili huwa vimekauka na kupasuka. Kipande cha mpira mweupe unaoonyesha, ukikiweka kwa muda pale dizeli inapoingia kwenye pampu, kitakuonyesha mapovu kwa macho. Ukiwa hapo toa na maji: legeza koki ya chini ya filta mizunguko miwili hivi, weka chupa, bonyeza pampu mpaka itoke dizeli safi. Funga kwa vidole tu.

Kama pampu ya mkono haibadilishi kitu, nenda kwenye hita plagi, zile plagi zinazopasha joto ndani ya injini kabla ya kuwaka. Chomoa nyaya ya hasi ya betri, toa kile kipande cha chuma kinachoziunganisha zote 4, kisha rudisha nyaya. Shika taa ya majaribio: klipu kwenye chanya ya betri, ncha kwenye kichwa cha kila plagi. Isiyowasha taa imekufa. Mbovu mbili zinatosha kuleta usumbufu unaousema. Volti yake imeandikwa kwenye plagi; nunua ile ile, usichanganye. Kuzifungua mwachie fundi, tena injini ikiwa na uvuguvugu, kwa sababu zilizoganda hukatikia ndani ya hedi.

Onyo moja hapa, nalisema kwa uzito wote. Usilegeze bomba la nozeli huku mtu anapiga stata na kidole chako kiko karibu. Presha pale inazidi bar 100, na dizeli hupenya ngozi ikaacha alama kama ya sindano tu. Saa chache baadaye mkono umeharibika ndani. Ikitokea, ni upasuaji wa haraka, si kupaka dawa na kufunga kitambaa.

Breki na tairi la nyuma nayaunganisha, maana huenda ni tatizo moja. Tambua kwanza kinachovuja. Chukua kidogo kwenye kidole. Mafuta ya difu (boksi la gia katikati ya aksili ya nyuma) ni mazito na yananuka kibiriti. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza, na yanaoshwa na maji matupu.

Kama ni ya breki, wili silinda, ile inayosukuma viatu vya breki ndani ya drumu, imechoka. Saidia fundi alegeze nati za tairi gari likiwa chini, ainue kwenye sakafu ngumu, aweke stendi ya chuma chini ya aksili na vizuizi kwenye matairi ya mbele. Jeki peke yake si stendi. Drumu ya Hilux ikigoma isipigwe nyundo: ina matundu 2 yenye nyuzi, ingiza bolti za M8 na uzikaze kwa zamu, inajisukuma yenyewe. Vumbi la ndani lilowanishwe, lisipulizwe. Funua kipira cha wili silinda. Kukiwa na majimaji nyuma yake, ibadilishwe.

Kama ni ya difu, oili sili ya aksili imeachia, na watu wengi hubadilisha sili tu ikavuja tena baada ya miezi miwili. Sababu mara nyingi ni kipumulio cha difu, kale kakofia kadogo juu ya aksili. Kikizibwa na tope, difu ikipata joto presha inakosa pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili. Kisafishwe mpaka kofia icheze kwa kidole. Safari nzima ya kutoa shafti inategemea hicho kitu kidogo. Shafti yenyewe inatoka kwa nati 4 nyuma ya sahani ya breki, baada ya kuachanisha bomba la breki na kebo ya hendibreki. Ni nzito, si yako. Beringi ikinguruma ibadilishwe hapo hapo, ila inahitaji presi. Viatu vya breki vilivyolowa oili tupa, badilisha pande zote mbili. Kuvichoma kwa petroli hakurudishi kitu.

Kutoa upepo kwenye breki ndiyo kazi yako bora kuliko zote: unakaa ndani, unakanyaga. Kwa usukani wa kulia anzeni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, na mwisho nipo (kiskrubu cha kutolea upepo) ya vali ya kugawa presha ya nyuma kama ipo. Mpira unaotoka kwenye nipo uzame kwenye chupa yenye mafuta ya breki, DOT 3. Usiinue mguu mpaka msaidizi aseme amefunga. Na usigandamize pedeli hadi sakafuni: kwenye masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) ya zamani, sehemu ambayo raba haijawahi kufika ina kutu, na raba ikipita pale inachanika. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli.

Mkanda wa taiming: gari lisitembee kabla haujabadilishwa. Toyota walipanga kilomita 100,000, na ukikatika vali hukutana na pistoni. Nunua mwenyewe mkanda, beringi ya kukazia, na sili za krenki na kamu. Bolti iliyokuumiza ifunguliwe na mtu mwingine, na msikubali ile njia ya kuegesha mpini wa soketi kwenye chasisi na kupiga stata. Mpini ukiruka unavunja mkono mwingine. Kazi yako ni macho. Hakikisha alama za kamu (shafti inayofungua vali), pampu ya dizeli na krenki zimekaa, kisha injini izungushwe kwa mkono, krenki raundi 2 kamili, na alama zikaguliwe upya. Zikitofautiana kwa jino moja, mkanda utoke tena. Andika tarehe na kilomita kwenye kava.

POP ikitolewa, nguvu haijarudi. Daktari akiruhusu, jaribu kukamua tambara lililolowa kwa mikono miwili. Likikushinda, spana nazo bado. Ukianza, vuta spana kuelekea kwako, na ukilazimika kusukuma, sukuma kwa kiganja kilichofunguka ili nati ikiachia vidole visigonge chuma. Nati za tairi, Nm 110, ziwe za mwisho kurudi mikononi mwako.

Kesho asubuhi fanya lile jaribio la pampu ya mkono, ulete hapa majibu pamoja na volti za betri na harufu ya hayo mafuta ya tairini.