Bloody Kisses ya Type O Negative: usianze na toleo lililopunguzwa

Mleta mada, swali lako limenichekesha peke yangu hapa, kwa sababu ndilo lile lile nililomuuliza aliyenipa albamu hii. Unasema uliupenda wimbo wa "Black No. 1" wa bendi ya Type O Negative, ukaitafuta albamu yao ya Bloody Kisses nzima, ukazima taa ukaweka spika za masikioni, halafu wimbo wa tano ukakulipukia kana kwamba bendi nyingine imevamia studio. Sasa unauliza kama hii ni metali ya gothiki kweli (roki nzito yenye huzuni na giza) au ni vurugu za mitindo tu, na kama uchukue lile toleo fupi ambalo wadau wengine wamekushauri. Nitakuwa mrefu, mnivumilie.

Mimi niliipata kwenye kaseti ya dakika 90, imerekodiwa kutoka CD ya kaka wa rafiki yangu. Orodha ya nyimbo hakuna. Kwenye karatasi kulikuwa na jina la bendi tu, kwa kalamu ya kijani. Albamu ina dakika kama 73, kwa hiyo upande A ulipokwisha ulikuwa unaukata wimbo wa kumi, ule unaobeba jina la albamu, ukiwa dakika ya nne hivi kati ya karibu kumi na moja. Tak! Kimya. Unainuka, unageuza, unasubiri ule utepe mtupu wa mwanzo upite, wimbo unaendelea kutoka mahali pengine kabisa. Kwa miaka mingi niliujua kama nyimbo mbili tofauti. Na ile panki, roki ya kasi na hasira, ya wimbo wa tano? Niliamini kabisa kwamba yule kaka alikosea, akachomeka bendi nyingine katikati. Nilimwendea kumlalamikia. Akaniambia, "Ni hao hao, kasikilize tena."

Ukitaka kuelewa kwa nini ni hao hao, angalia walikotoka. Peter Steele, mwimbaji na mpiga besi, jamaa wa Brooklyn, New York, mwenye urefu wa takribani mita mbili, kabla ya hapo alikuwa na Carnivore, bendi ya thrashi na hadikoo (metali na panki za kasi), vurugu tupu, iliyotoa albamu mwaka 1985 na 1987. Albamu ya kwanza ya Type O Negative, Slow, Deep and Hard ya 1991, bado ina damu ile: unapigiwa panki ya kasi, ghafla mwendo unaanguka hadi kutambaa. Bloody Kisses ilitoka Agosti 1993 kupitia lebo ya Roadrunner. Kwa hiyo panki haikuvamia chochote. Ndiye mwenye nyumba wa zamani ambaye bado ana ufunguo. Wageni ni zile kinanda za kanisani na sauti nzito ya kubembeleza.

Na wageni hao walikuja wengi. Ukihesabu vilivyomo utachoka: roki ya gothiki ya Uingereza ya miaka ya themanini, Black Sabbath kwenye uzito na upole wa mwendo, Beatles kwenye sauti za kupangana (walijiita Drab Four, wakijifananisha kwa kejeli na wale Fab Four wa Liverpool), sitari, ile ala ya nyuzi ya Kihindi, kwenye wimbo wa mwisho, na "Set Me on Fire" yenye harufu ya miaka ya sitini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Juu ya hayo wakakopi "Summer Breeze", wimbo laini wa Seals and Crofts wa mwaka 1972, ule wa mtu anayerudi nyumbani jioni na upepo mzuri unavuma. Wao wameuburuza kama wanahamisha kabati.

Hapo kwenye "Summer Breeze" nina ushuhuda, maana tuliwahi kujaribu kuukopi toleo lao. Tulikuwa wanne, mimi nikiwa kwenye besi. Tulidhani ni rahisi: wimbo wa watu wazima, kodi (chords) chache, mwendo wa pole. Nikashusha nyuzi za besi chini kama zao bila kubadili seti. Nyuzi za kawaida ukizishusha kiasi kile zinalegea, zinapigapiga kwenye freti, vile vyuma vya shingoni, unasikia kelele za bati badala ya noti. Ikabidi ninunue nyuzi nene. Kisha nikaweka pedali ya kukwaruza sauti, nikakuta kila kitu kimegeuka uji. Siku nzima nilikuwa nazungusha vitufe kabla sijang'amua kwamba besi ya Steele haichezi kazi ya besi. Imekwaruzwa, imetandazwa kwa ile efekti ya korasi inayofanya sauti moja isikike kama nyingi, na inabeba melodi. Gitaa la Kenny Hickey ndilo linalojaza ukuta nyuma. Sisi tulikuwa tumepanga kama bendi yoyote, gitaa mbele na besi chini, ndiyo maana hatukufanana nao hata kidogo.

Shida ya pili ilikuwa mpiga drams wetu. Jamaa ana mikono mizuri, kwa kasi humshindi. Lakini kwenye mwendo ule fimbo ilikuwa inabaki hewani, unaiona inatetemeka, halafu inashuka kabla ya wakati. Kila mzunguko tunaongeza kasi kidogo, tukifika kwenye kiitikio tunakuwa tumerudi kwenye wimbo wa 1972. Mwishowe alifunga macho akawa anahesabu kwa sauti, "moja naa, mbili naa", na ule "naa" ndio uliotuokoa. Mwimbaji sitamsema, alijitahidi kushuka hadi kule chini akatoka na sauti ya chura. Wimbo hatukuupiga mbele ya watu hata siku moja.

Lakini jaribio lile lilinifundisha albamu kuliko kuisikiliza mara mia. Nilipojua kazi ya besi ile nilianza kuisikia kila mahali, kwenye nyimbo ambazo nilidhani hazihusiani. Ipo kwenye "Christian Woman". Ipo kwenye panki. Ipo chini ya sitari. Na kando yake kuna Josh Silver, mpiga kinanda, ambaye pia aliitayarisha albamu pamoja na Steele. Watu humtaja Steele kwa urefu na sauti, Silver wanamsahau, na mimi naona nusu ya kazi ni yake. Chukua "Black No. 1": zaidi ya dakika kumi na moja, inaanza na besi peke yake inatembea kama mtu anayeshuka ngazi usiku, baadaye kinaingia kinanda chenye mlio wa harpsikodi, ule wa michezo ya mazimwi ya kuchekesha kwenye televisheni. Ni mzaha huo! Wimbo mzima unamtania binti wa kigothi, wale wapenzi wa muziki wa giza na nguo nyeusi, aliyejawa na mambo ya nywele zake, na jina lenyewe ni namba ya rangi ya kupaka nywele. Wagothi waliokuwa wanataniwa ndio waliougeuza wimbo wao wa taifa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema albamu hii ni changanyachanganya isiyo na kichwa. Mitindo inabadilika ila anayeongea habadiliki. Ni mtu yule yule mwenye huzuni ya kweli anayeogopa usimwone analia, kwa hiyo kila akikaribia anatupa utani. "Christian Woman" ina dakika karibu tisa na sehemu tatu, inahusu mwanamke ambaye ibada na tamaa zimemchanganyikia (kama wewe ni mtu wa kanisa huenda ukakwazika, nakutahadharisha), na mwishoni, baada ya uzito wote ule, inaangukia kwenye mzaha kuhusu mwonekano wa Steele mwenyewe. Ndivyo walivyo. Ukiutoa utani, huzuni inakuwa ya maigizo. Ukiitoa huzuni, unabaki na wachekeshaji wenye nywele ndefu.

Sasa zile nyimbo mbili za panki, ya tano na ya tisa. Majina yake makali, na ukiyasoma bila kujua chanzo unaweza kudhani mabaya. Bendi ilikuwa imeandamwa na tuhuma za ubaguzi, hasa Ulaya, na nyimbo hizi zilikuwa majibu yao ya kejeli: unasema tunachukia watu fulani, haya, tunachukia wote, hata sisi wenyewe tumo. Mimi sizipendi sana kama nyimbo. Ile ya tano imezidi kelele, na kejeli yake imezeeka vibaya. Ya tisa ni bora, ina dakika karibu saba na ndani yake inapunguza mwendo, unasikia kinanda kinapenya. Lakini kuzipenda ni jambo moja na kuziondoa ni jambo jingine.

Maana ziliondolewa. Mwaka 1994 Roadrunner walitoa toleo la digipaki (CD yenye jalada la karatasi ngumu), wakazitupa hizo mbili pamoja na vipande vifupi vya makelele vinavyokaa kati ya nyimbo, wakaongeza "Suspended in Dusk", wimbo mrefu, mzito, mzuri sana. Ndilo toleo ambalo wadau hapo juu wanakusukumia. Nililinunua nilipopata CD yangu ya kwanza, nikifurahi kwamba hatimaye nitasikiliza bila kurukaruka. Wiki ya kwanza raha mustarehe. Wiki ya pili nikaanza kusinzia. Nyimbo ni zile zile, hakuna kilichoharibika, ila sasa huzuni inafuatana na huzuni, kinanda kinafuatana na kinanda, na sikio linazoea. Kwenye kaseti, "Summer Breeze" ilikuwa inakuja mara tu baada ya ile kelele ya wimbo wa tano, na ule upepo ulikuwa unavuma kwelikweli, unashusha mabega. Kwenye digipaki hauji baada ya kelele yoyote. Ni wimbo wa polepole miongoni mwa nyimbo za polepole.

Kibiashara walikuwa sahihi, siwezi kubisha. "Black No. 1" na "Christian Woman" zilikatwa zikawa fupi kwa ajili ya redio na video, na albamu ikawa ya kwanza ya Roadrunner kupata dhahabu Marekani, yaani nakala 500,000, baadaye ikafika platinamu. Lakini mpiga drams Sal Abruscato hakuwepo kuifaidi, alishaenda bendi ya Life of Agony, nafasi yake akaichukua Johnny Kelly.

Kuhusu kama ni metali ya gothiki: ndiyo, ila si ile ya akina Paradise Lost, bendi ya Uingereza. Wao albamu yao Gothic ya 1991 ilitokana na metali ya kifo, waimbaji wanaunguruma, kisha okestra na sauti ya kike vinawekwa juu. Walipotaka kubadilika zaidi, mwaka 1999 wakatoa Host, wakayaweka magitaa mazito kando, elektroniki ikashika usukani. Ni albamu nzuri na naitetea siku zote, lakini pale mtindo mmoja umeondoka ili mwingine ukae. Type O hawakumwondoa mtu. Wameshona vitambaa vyote na uzi wakauacha unaonekana.

Ukimaliza hii, kama moyo wako uko kwenye "Christian Woman" nenda October Rust ya 1996, laini zaidi, haina zile hasira. Kama kwa siri ulifurahia zile kelele, rudi Slow, Deep and Hard. Usiruke hadi Dead Again ya 2007 kwanza, ingawa ina panki iliyorudi kwa kishindo. Ndiyo ya mwisho, Steele alifariki Aprili 2010.

Kwa hiyo tafuta lile lenye nyimbo 14, na "Suspended in Dusk" uisikilize peke yake, pembeni. Usiruke kitu kwa mara tatu za mwanzo, hata ile ya kwanza ya sekunde arobaini ambayo hutaki mama aisikie. Mimi sasa ninayo yote bila kukatika, lakini ule wimbo wa kumi ukifika dakika ya nne hivi, mkono bado unaanza kuinuka wenyewe kwenda kugeuza kaseti.