Shamba halijahama: ukipima kwa satelaiti, anzia kwenye bikoni

Siku ya kwanza kukabidhiwa risiva ya GPS nilijiona nimeshaagana na tepu ya kupimia ardhi. Tulikuwa Kisauni, Mombasa, mwenye shamba ametulia barazani na kahawa yake, mimi nafuata mshale kwenye skrini. Mshale ukanitoa shambani, ukanivusha barabara, ukanitia uani kwa watu, mama anaanika nguo. Na skrini yashikilia kuwa kosa halizidi sentimita mbili! Mzee akaniuliza, "Mwanangu, shamba langu limehama lini?"

Ramani nyingi za zamani za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, yaani namna moja ya kutaja mahali kwa nambari. GPS huhesabu kwa mfumo mwingine, WGS84. Ukiichanganya hiyo miwili waenda kando karibu mita 300, na mashine haikwambii kitu, kwani aliyeilisha nambari za mfumo mwingine ni wewe.

Tangu hapo siweki kona hata moja kabla sijasimamisha antena juu ya bikoni ya zamani, yaani alama ya mpaka iliyopandwa ardhini, ambayo nambari zake ninazo. Nasoma, nalinganisha. Natafuta mbili au tatu, maana moja huenda ilisogezwa na mtu. Nyingi zimefukiwa, kwa hiyo jembe halitoki garini. Na uliza wazee: ile ya Kisauni ilikuwa chini ya mwembe, mzee aijua tangu utotoni, ila hakuna aliyemuuliza.

Mji wa Kale ni shughuli nyingine. Vichochoroni mawimbi ya satelaiti hugonga kuta ndipo yakafika kwenye antena, yamechelewa, na vipimo vyaruka. Pale hupata nukta zangu penye uwazi, halafu naingia ndani na totali stesheni, mashine ipimayo pembe na umbali bila satelaiti. Kazi nzito naifanya asubuhi. Huku karibu na ikweta, anga ya juu huvuruga mawimbi baada ya magharibi.

Kimo nacho kitakuchekesha. Utasimama ufuoni Nyali, viatu vikavu, risiva ikuambie uko zaidi ya mita 20 chini. Yapima kutoka umbo la hesabu la dunia, ambalo pwani yetu lapita juu ya usawa wa bahari. Kabla ya kuchimba mtaro wa maji, geuza kimo hicho kwa modeli ya jioidi, yaani hesabu ya usawa wa bahari ulivyo mahali hapo.

Wanunuzi wa viwanja nao huniletea nukta za simu. Simu hukosea mita kadhaa, na kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100, mita 5 ni thuluthi ya upana. Itakufikisha kiwanjani, ukuta usiujenge kabla mpima mwenye leseni hajakuonyesha bikoni.