Diskasheni kwanza, chama baadaye

Binti mmoja anayesoma mwaka wa kwanza wa kemia huko Ohio ameniandikia: "Shikamoo kaka. Darasani tunazidi mia mbili, Weusi tuko wanne, na anayetoka Afrika ni mimi peke yangu. Wenzangu Wamarekani Weusi wananialika kwenye chama chao. Niende, au nikomae na vitabu vyangu?" Swali hili linarudi kila Septemba, kwa hiyo nalijibu hapa kwa urefu.

Nenda. Na uende na karatasi ya maswali mkononi.

Wengi wetu tunatua Marekani tukiamini mambo ya Weusi wa huko hayatuhusu, sisi tumekuja kusoma. Imani hiyo hudumu mpaka siku ya kuchagua wa kufanya naye maabara, kila mtu anapomgeukia jirani yake na wewe unabaki umevaa glavu huna mwenzako. Aliyekuruka hajui kama ulisoma Kibosho au Detroit, wala hakuuliza. Hao wanaokualika wanalijua jambo hilo tangu darasa la kwanza na wana majibu yake. Kujitenga nao kwa sababu ya pasipoti ni kiburi cha hasara.

Sasa, chama peke yake hakimfaulishi mtu. Miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi wengi walianguka kalkulasi ilhali wenzao wenye asili ya China walifanya vizuri. Walimu walikuwa na majibu mfukoni: hawana ari, shule zao mbovu, nyumbani hakuna hela wala anayejali elimu. Treisman akachukua wanafunzi 20 wa upande huu na 20 wa upande ule, akawafuata hadi wanakosomea. Majibu yale hayakusimama hata moja. Weusi walisoma kama walivyoagizwa, saa 8 hivi kwa wiki, kila mmoja kajifungia chumbani kwake. Wale wa asili ya China walifikisha kama saa 14: nyingi peke yao, kisha jioni wanakutana, wanakula, wanakaguana majibu na kupitia mitihani ya zamani iliyokuwa wazi maktaba kwa yeyote. Treisman akaanzisha warsha za maswali magumu, akakataa katakata ziitwe za kuwasaidia walio nyuma. Alama za Weusi walioshiriki zikapanda.

Aliyepita Mlimani au Sokoine anacheka hapa, maana hiyo ni diskasheni tu. Ajabu ni kwamba tukishapanda ndege tunaiacha, tunaanza kuona aibu kuonekana hatujui.

Anza na watu wanne hadi sita wa kozi ile ile. Wakiwa watatu, akiugua mmoja kikao kimekufa. Wakifika wanane, wawili watachezea simu. Weka nafasi ya chumba cha maktaba chenye ubao mapema kadiri mfumo unavyoruhusu, kwa zamu, maana vyumba huisha kabla ya mitihani ya katikati ya muhula. Nunueni kalamu za ubao zenu. Za maktaba zimekauka siku zote. Kutaneni mara mbili kwa wiki, saa mbili kila kikao, na kamwe isiwe usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi: usiku ule hakuna anayetaka kuelewa, kila mtu anataka jibu.

Maswali sita yanatosha. Mawili mepesi ya kuamsha akili, mawili ya kiwango cha mtihani, mawili ambayo hakuna kati yenu anayeyaweza peke yake. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayojenga kundi, kwa sababu mbele yake hakuna mkali wala mbumbumbu. Dakika 20 za kwanza ni kimya, kila mtu na daftari lake. Baada ya hapo kalamu anapewa asiyejua. Anayejua anakaa na kuuliza.

Chukua mfano: mnatitresha asidi ya asetiki ya 0.1 M kwa NaOH ya 0.1 M. pH, kipimo cha uasidi ambacho 7 ni katikati, ni ngapi kwenye nukta ya usawa, yaani pale NaOH inapotosha kumaliza asidi yote? Aliye ubaoni ataandika 7, kwa sababu tangu sekondari anajua asidi na besi hutoa chumvi na maji. Usimkatize. Muulize kwenye chupa sasa kimebaki nini. Sodiamu na asetati. Asetati inafanya nini ndani ya maji? Inanyang'anya maji protoni, inaacha hidroksidi. Akifika hapo mwenyewe, akakokotoa na kupata kama 8.7, hataisahau, na ataelewa kwa nini rangi ya kuonyesha nukta hiyo ni fenofthalini, si methili chungwa. Ukimtajia 8.7 tangu mwanzo, umempa namba tu.

Kinachoua makundi haya ni vitu viwili. Cha kwanza, mkali mmoja anageuka mhadhiri na wengine wanabaki kunakili. Yeye anafaulu, wao wanaanguka, muhula unaofuata hawarudi. Cha pili ni WhatsApp. Mtu anapiga picha kazi yake iliyokamilika anairusha, na siku tatu baadaye mnaitwa kujieleza kwa udanganyifu. Someni silabasi ya kila kozi: nyingi zinaruhusu kujadili lakini kila mtu aandike kazi yake mwenyewe. Kwenye kundi tumeni maswali, majibu yabaki ubaoni. Mwanafunzi Mweusi akishikwa na kosa hili hahurumiwi, tusidanganyane.

Diskasheni ikidumu muhula mzima ndipo mfikirie chama cha fani yenu. Uhandisi una NSBE, chama cha kitaifa cha wahandisi Weusi, kilichozaliwa Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1975 kwa juhudi za wanafunzi sita. Kama tawi lipo chuoni kwenu, jiungeni badala ya kuanzisha kitu kipya. Wanakemia wana NOBCChE, chama cha wanakemia na wahandisi kemia Weusi, cha tangu 1972. Mlezi msimtafute kwa rangi tu. Yule profesa Mweusi mmoja wa idara tayari yumo kwenye kila kamati, amechoka. Mratibu wa shahada ya kwanza, wa rangi yoyote, ndiye anayejua nani anatafuta mtu wa maabara.

Msiegemee pia ofisi moja ya chuo, ile ya usawa na ujumuishi (DEI). Sheria ya Texas iliyoanza kutumika Januari 1, 2024 ilifunga ofisi za aina hii kwenye vyuo vya umma. Vyama vya wanafunzi haikuvigusa. Chama chenye akaunti yake na orodha yake ya watu hakiyumbi ofisi ikifungwa.

Wewe mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, sikiliza hapa, maana wenzako wazawa hawatakwambia, hawajui. Nafasi za utafiti wa kiangazi za REU zinazolipwa na NSF, mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani, ni za raia na wakazi wa kudumu, na McNair, mpango wa kuandaa wanafunzi kwa shahada ya uzamivu, hivyo hivyo. Usipoteze Januari nzima ukijaza fomu hizo. Ila unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, hata zaidi likizo, kwa hiyo maabara ya profesa wako inawezekana. Mwandikie baruapepe fupi: wewe ni nani, makala yake gani umeisoma, jambo gani moja ndani yake limekuvuta, saa ngapi kwa wiki unazo. Asipojibu, kumbusha baada ya wiki moja, kisha mfuate saa zake za ofisi.

Na mrithi atafutwe mapema. Vyama vingi hufa Mei, mwenyekiti anapohitimu na nywila kichwani mwake. Makamu awe wa mwaka wa pili, akae na mwenyekiti muhula mzima, apokee baruapepe ya chama, akaunti, orodha ya vyumba na faili la mitihani ya zamani ambayo walimu wenyewe wameiruhusu, kabla watu hawajaanza kupima majoho.